Sufuria kubwa, jiko dogo: hesabu inayomkabili mpika pombe wa Musienene

MUSIENENE, Kivu Kaskazini – Sufuria ya lita 20 inatosheleza majirani. Ya lita 60 inafika sokoni, na huko ndiko karo ya mtoto wa sekondari inakoweza kupatikana. Ndiyo maana mama anayepika pombe ya nyumbani akipata fedha kidogo, huanza kufikiria chombo kikubwa zaidi. Jiko hubaki lile lile.

Hapo ndipo matatizo huanza, hasa pale moto unapotoka kwenye mtungi mdogo wa gesi badala ya mafiga matatu. Sufuria iliyoongezeka mara tatu haikai juu ya jiko la zamani kama ilivyokaa ile ya kwanza. Inachelewa kuchemka, inayumba, na joto lake linarudi chini kwenye mtungi. Mpishi siye peke yake anayeweza kuumia. Kazi hii hufanyika uani, mahali ambapo watoto hucheza na kupita.

Musienene iko katika wilaya ya Lubero, kusini mwa mji wa Butembo, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayoelekea Lubero na Goma. Ni nchi ya wakulima: migomba, mahindi, maharagwe na viazi. Ndizi hutoa kasiksi, pombe inayojulikana Butembo na Beni kote. Nafaka hutoa mandale. Kwa kaya nyingi, pombe ya nyumbani ni njia ya kugeuza mavuno kuwa fedha taslimu.

Bia ya chupa, kwa upande wake, hutegemea viwanda na barabara zilizo wazi. Februari 2025 kampuni ya Heineken ilisimamisha shughuli zake Bukavu, Goma na Uvira kutokana na vita. Juni mwaka huo ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma. Pombe ya nyumbani hutegemea vitu vilivyo karibu: ndizi au nafaka, maji na moto.

Kuni, makala na gesi

Kuni na makala ndizo nishati zinazopikia familia nyingi zaidi Kivu Kaskazini. Sehemu ya makala hayo imekuwa ikitoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kinyume cha sheria. Ili kupunguza ukataji huo, shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala wa kupanda miti ya kuni na makala kwenye mashamba ya wakulima. Mikaratusi inayoonekana kwenye vilima vya Butembo na Lubero ni sehemu ya jibu la tatizo hilo hilo.

Hata hivyo, kuni zina gharama nyingine ambayo haiandikwi sokoni. Katika wilaya yenye makundi ya wenye silaha, kwenda shamba la mbali au msituni kutafuta kuni kunaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa anayeweza kuimudu, gesi inampa moto bila safari hiyo, bila moshi machoni, na unaowaka hata kuni zikiwa zimelowa.

Jiko la gesi linalofahamika zaidi kwa wanunuzi wadogo Afrika Mashariki ni lile la mtungi wa kilo 6, lenye kichwa kimoja kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi. Limetengenezwa kwa ajili ya sufuria ya wali au ya maharagwe. Halikutengenezwa kwa ajili ya chombo cha pombe, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Hesabu ya moto

Butembo na vilima vyake viko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94, si 100. Mpishi akianza na maji ya nyuzi 18, ana nyuzi 76 za kupandisha.

Chukua jiko dogo lenye nguvu ya kilowati 3, ambalo chini ya nusu ya joto lake ndilo linaloingia kwenye sufuria, kama ilivyo kawaida uani. Lita 20 zitachemka baada ya saa moja na dakika 20 hivi. Lita 60 zitahitaji karibu saa 4.

Na hizo saa 4 ni za kwenye karatasi. Sufuria kubwa ina mdomo mpana na ubavu mrefu, na kote huko joto linatoka. Ikiachwa wazi penye upepo, hufika mahali ambapo joto linalotoka juu linalingana na linaloingia chini. Maji yanatoa mvuke, yanaungua mkono, lakini hayatokoti. Mpishi huongeza gesi hadi mwisho, ndimi za moto zinapanda ubavuni mwa sufuria na kuchoma mishikio, na bado hayachemki.

Sasa chukua jiko la miguu mitatu lenye nguvu ya kilowati 15, la aina inayowekwa chini na kuunganishwa na mtungi kwa mpira. Lita zile zile 60 zitachemka kwa chini kidogo ya saa moja.

Jambo linalowashangaza wengi ni matumizi ya gesi. Katika hali zote mbili, kuchemsha lita 60 hula takriban kilo moja ya gesi. Jiko kubwa linakula kwa kasi zaidi, lakini kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo anayebaki na jiko dogo akidhani anabana matumizi hapunguzi gesi. Anachoongeza ni saa tatu za kusimama karibu na moto.

Kwa mafiga matatu, kazi hiyo hiyo huhitaji kilo 8 hadi 13 za kuni kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lake hupotelea hewani. Kila mpishi anaweza kuchukua bei za soko lake, ya kilo moja ya gesi na ya mzigo wa kuni, akaona mwenyewe upande ulio nafuu.

Uzito na miguu

Lita 60 za maji ni kilo 60. Ukiongeza chombo chenyewe, kilicho juu ya jiko ni sawa na mtu mzima aliyeketi. Tofauti ni kwamba mtu huyo ametengenezwa kwa maji yanayochemka, na wakati wa kukoroga kwa mwiko mrefu hutikiswa huku na huku.

Kwenye jiko linalofungwa juu ya mtungi, uzito wote huo hukaa juu ya shingo ya mtungi. Kitako cha mtungi wa kilo 6 ni chembamba kuliko kitako cha sufuria kinachobebwa. Udongo ukiwa laini baada ya mvua, upande mmoja ukizama kwa vidole viwili tu, chombo kinaanguka. Hakuna namna salama ya kuweka sufuria ya lita 60 juu ya mtungi wa aina hiyo, hata mtungi ukizungushiwa mawe.

Baadhi ya wapishi hujaribu kutatua hilo kwa kuweka bamba la chuma juu ya jiko ili sufuria pana ipate pa kukaa. Bamba hilo ni hatari ya pili. Linazuia moto kupanda, linafunika njia ya hewa ya kichwa cha jiko, na linarudisha joto chini, yaani kwenye koki, regulaita na mpira.

Suluhisho linaloeleweka kwa fundi yeyote wa kuchomelea vyuma Butembo ni stendi inayojitegemea. Nondo nene au vyuma vya pembe huunganishwa kuwa fremu ya miguu minne, yenye upana usiopungua ule wa kitako cha sufuria. Juu huwekwa vyuma vichache vyenye nafasi kati yake, si bamba. Fremu ndiyo inayobeba uzito, na kichwa cha jiko hukaa chini yake bila kubeba chochote. Miguu husimama juu ya matofali au jiwe bapa, si juu ya udongo mtupu.

Urefu wa fremu nao una maana. Sufuria ikiwa karibu mno na kichwa cha jiko, moto unabanwa, unakosa hewa na kugeuka wa njano wenye masizi. Ikiwa juu mno, upepo unachukua joto. Kipimo cha mpishi ni macho yake: ncha za ndimi za buluu ziguse kitako cha sufuria, zisilale na kutambaa hadi pembeni.

Mtungi unapoganda

Anayefanikiwa kupata jiko kubwa hukutana na tatizo jipya. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili itoke lazima kwanza igeuke hewa. Kugeuka huko kunachukua joto kutoka kwenye kimiminika chenyewe na ukuta wa mtungi. Jiko la kilowati 15 hutumia zaidi ya kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kutoa kiasi hicho kwa muda mrefu. Unapoa, unatoa jasho, wakati mwingine unaota barafu ubavuni, na moto unanyong'onyea ingawa gesi bado imo.

Asubuhi za baridi za vilima vya Lubero zinaongeza tatizo hilo. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huwa hewa hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani hukaribia kukoma kutoka ikifika sifuri. Mtungi uliopoa hutoa propani kwanza na kubakiza butani chini.

Kuna makosa matatu yanayofanywa wakati huo, na yote matatu yana hatari kubwa. La kwanza ni kulaza mtungi ubavu au kuupindua. Kimiminika huingia kwenye mpira na kutoka kikiwa kimewaka. La pili ni kuusogeza mtungi karibu na moto ili upate joto. La tatu ni kuumwagia maji yanayochemka. Dawa ya kweli ni mtungi mkubwa zaidi, wa kilo 12 au 13 na kuendelea, kwa sababu una ukuta mpana wa kupokea joto la hewa.

Jiko kubwa pia halifungwi kwenye regulaita yoyote. Majiko ya ndani hutumia regulaita ya msukumo mdogo, na mengi ya majiko makubwa ya nje huhitaji ya msukumo mkubwa. Kubadilishana hizo mbili huleta moto dhaifu upande mmoja, na upande mwingine moto unaoruka na mpira unaoweza kuchomoka. Jiko, regulaita na mpira hununuliwa kama seti moja.

Mtungi husimama wima, mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye moto, upande ambako upepo unatoka. Mpira haupiti chini ya sufuria, kwa kuwa uji ukifura hapo ndipo unapomwagikia. Kila kiungo hupakwa maji ya sabuni kabla ya kuwasha, na mapovu yakikua, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi ikapotea. Hutambaa chini, ikajikusanya kwenye shimo, mtaro au pembe ya ukuta ikisubiri cheche.

Hewa nyembamba, mvua nyingi

Kwenye mwinuko wa Butembo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Jiko lililorekebishwa kiwandani kwa ajili ya miji ya chini linaweza kuwaka njano linapofika hapa, kwa sababu linapata hewa kidogo. Majiko mengi ya nje yana kijisahani au kifuniko kidogo kwenye bomba la kichwa cha jiko, ambacho huzungushwa ili kuongeza hewa. Kirekebishwe mpaka moto uwe wa buluu.

Moto wa njano si suala la masizi kwenye sufuria tu. Ni dalili kwamba gesi haiungui yote na kwamba kaboni monoksidi inaweza kuwa inatoka. Hewa hiyo ya sumu haina rangi wala harufu. Uani inapotea, lakini ndani ya nyumba inaua.

Na hapa ndipo hali ya hewa ya Musienene inapomjaribu mpishi. Mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na ikianza mchana sufuria ikiwa katikati ya kazi, kishawishi ni kuhamishia jiko jikoni au chini ya turubai lililoshushwa pande zote. Jiko la nje la nguvu kubwa haliingizwi ndani hata kwa robo saa. Paa lililo wazi pande zote, lililo juu vya kutosha, ndilo kinga. Kwa upepo, ukuta mfupi wa matofali pande mbili au tatu unatosha, mradi mtungi ubaki nje ya ukuta huo.

Kabla ya kununua

Tatizo hili si la Lubero peke yake. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1978 iliruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, ni kawaida mpishi kuanza na lita 19 kisha kupanda hadi 40 au 60, akakuta jiko la kwanza halifai. Kilimanjaro, nchini Tanzania, ndizi za mbege huchemshwa kwa saa nyingi, na wapishi wake wanajua kwamba chombo kikiwa kipana, mahali pa moto hujengwa upya.

Kwa mama ambaye hawezi kununua jiko, mtungi na stendi kwa mara moja, kuna njia ya katikati. Badala ya sufuria moja ya lita 60, anaweza kubaki na ya lita 20 na kupika mara tatu, akimimina kila awamu kwenye chombo kikubwa kilichofungwa vizuri kwa blanketi au majani ya migomba. Jiko halibebi zaidi ya lilivyozoea. Muda ni mrefu, lakini gesi haiongezeki.

Kifuniko nacho ni nishati. Kukiweka kuanzia mwanzo hadi karibu na kuchemka kunapunguza muda bila gharama yoyote. Kinaondolewa uji unapoanza kufura. Kwa sababu hiyo hiyo sufuria haijazwi hadi juu: robo ya chombo huachwa wazi, kwa hiyo anayetaka lita 60 anahitaji chombo cha lita 80.

Aina ya chombo nayo ni suala la afya. Pipa lililobeba mafuta au dawa za shamba halifai kupikia hata likioshwa mara kumi. Chombo cha bati lililopakwa zinki hakifai pia, kwa sababu pombe huwa na asidi inayoyeyusha zinki. Alumini nene au chuma kisichoshika kutu ndicho kinachotakiwa.

Yote haya yanahusu kuchemsha maji na uji wa pombe. Kutonesha lutuku ni jambo jingine kabisa. Mvuke wake ni wa kilevi kinachoshika moto, na jiko la gesi lenye moto wazi chini yake ni mwaliko wa mlipuko.

Ajali ikitokea

Maji au uji unaochemka ukimwagikia mtu, jambo la kwanza ni kufunga koki ya gesi kwenye mtungi, kisha kuondoa nguo zilizolowa isipokuwa zile zilizoganda kwenye ngozi. Sehemu iliyoungua humwagiwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno, majivu, mafuta na unga haviwekwi. Baadaye hufunikwa kwa kitambaa safi na mgonjwa kupelekwa hospitali. Kwa mtoto, au jeraha la uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili, safari ya hospitali ya Musienene haisubiri kesho.

Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu wa vyombo vikubwa hufanya jaribio moja kabla ya siku ya kupika. Sufuria mpya huwekwa juu ya stendi yake, mahali pake, na kujazwa maji baridi hadi kiwango kinachokusudiwa. Kisha husukumwa kwa mkono kutoka kila upande na kukorogwa kwa nguvu zote kwa mwiko, bila moto. Huachwa hivyo usiku kucha, na asubuhi miguu hutazamwa kama imezama. Ikiwa imezama au imepinda, maji yamwagwe na fundi aitwe. Nafaka na gesi hazijatumika bado.